Wiki moja na majalada ya mwaka 1938

Jumatatu

Manyunyu tangu alfajiri. Nairobi ya mwisho wa Julai hulionja jua saa saba mchana tu, na watu wanapita wamejikunyata, mikono kwapani. Chuo kimefungwa, bwenini tumebaki wachache, nami nimejipa wiki nzima ya kuzunguka nyaraka na makumbusho bila kuulizwa na mtu. Tasnifu yangu ya mwaka wa nne inahusu Wakamba waliotembea kutoka Machakos hadi Nairobi mwaka 1938. Walikuja mwezi huu huu wa Julai, katika baridi hii hii, na nilitaka kuwatafuta wakati mwili wangu unaisikia.

Kwa ufupi ilikuwa hivi. Serikali ya kikoloni ilisema Ukambani kuna ng'ombe wengi kupita kiasi, kwamba kwato zao ndizo zinazoifanya ardhi iliwe na mmomonyoko. Kuhusu nyanda nzuri zilizokuwa zimechukuliwa na walowezi, na watu kubanwa na mifugo yao kwenye kilichobaki, ilinyamaza. Ikaanza kuwakamata ng'ombe kwa nguvu na kuwapiga mnada, na kule Athi River kiwanda cha nyama kilikuwa tayari kinawangoja. Samuel Muindi Mbingu na wenzake wa chama cha Ukamba Members Association wakasema basi, twende kwa Gavana mwenyewe. Wakafunga safari ya zaidi ya kilomita 60 kwa miguu, wanaume, wanawake na watoto, wakapiga kambi Kariokor.

Leo sikwenda mbali. Mtaa wa Muindi Mbingu wenyewe uko hatua chache kutoka lango la chuo, ukipita kando ya bustani ya Jeevanjee. Kwa miaka mitatu nimenunua mitumba na kutoa nakala za maswali ya mitihani kwenye mtaa huo, na wala sikuwahi kuuliza huyu Muindi alikuwa nani hadi mhadhiri wetu mmoja alipotuuliza darasani na darasa zima tukatazama chini.

Nimekaa asubuhi yote katika sehemu ya vitabu vya Afrika, Maktaba ya Jomo Kenyatta. Kisha nikatoka kunyoosha miguu, na hapo ndipo nilipoona kwamba chuo chenyewe ni jalada. Sanamu ya Gandhi ilizinduliwa mwaka 1956, mwaka ule ule mahali hapa palipofungua milango kikiwa Chuo cha Ufundi cha Kifalme, kwa sababu Wahindi wa Afrika Mashariki walikuwa wamechanga fedha za kujenga chuo cha kumkumbuka, zikaunganishwa na za serikali. Jina la Chuo Kikuu cha Nairobi lilikuja mwaka 1970. Ukishuka kidogo unafika kituo kikuu cha polisi, mahali alipofungiwa Harry Thuku Machi 1922. Thuku alikuwa karani wa simu serikalini, akapinga kipande (kitambulisho ambacho Waafrika walilazimishwa kubeba), kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Watu walikusanyika kudai aachiliwe. Wanaume walipoanza kurudi nyuma, Mary Muthoni Nyanjiru akawasuta mbele ya umati, akawataka wampe suruali zao. Risasi zikalia. Waliokufa walizidi 20, naye akiwa miongoni mwao. Mimi hupita hapo kila siku nikienda kununua chapati.

Jumanne

Hii ndiyo siku niliyoingoja.

Ukipanda matatu ya kwenda mjini, makanga atakuambia "Akaivu", yaani Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, wala hatafafanua. Kila Mnairobi anaijua, kwa sababu ndipo watu wanapopatana kukutana. Pale mbele, karibu na sanamu ya Tom Mboya, utawakuta mamia wamesimama wakimngoja mtu fulani, simu sikioni, wakimwambia "mimi niko hapa Akaivu, wewe uko wapi?" Wachache sana kati yao wamewahi kupita mlango ule. Jengo lilikuwa benki, ile Benki ya India, na ukiliangalia unaliamini: nguzo nene, milango mizito. Sheria iliyoanzisha hifadhi hii ilipitishwa mwaka 1965, uhuru ukiwa na miaka miwili tu.

Nimeacha begi chini, nikapanda na daftari na penseli. Kalamu ya wino hairuhusiwi chumba cha kusomea. Mzee mmoja aliyekuwa meza ya mbele aliona kalamu mfukoni mwa shati langu akaninyoshea mkono, nikampa, akaiweka kwenye droo.

"Utaichukua ukitoka, kijana. Hapa ni penseli tu. Wino ukidondoka, umemwandikia mtu ambaye hawezi kukujibu."

"Asante, mzee."

Kwanza unapitia madaftari ya orodha. Kila wilaya ina herufi zake, na Machakos ni DC/MKS. Unaandika namba kwenye kikaratasi, unakikabidhi, unangoja. Mngojo huo naupenda kuliko ninavyoweza kueleza. Umekaa, mikono mezani, umati wa Moi Avenue unavuma chini yako kama mto, na mahali fulani kwenye rafu mtu anatembea akitafuta karatasi ambazo huenda hazijafunguliwa miaka kumi.

Jalada lilipokuja lilikuwa la kawaida kabisa. Halikuwa la siasa wala siri, lilikuwa la mifugo: mabanda, josho, masoko. Nililiomba kwa makusudi, kwa sababu majalada ya siasa yameshasomwa na wakubwa wangu wengi. Kamba iliyolifunga imekuwa laini kama utambi. Karatasi nyingi ni zile nyembamba za nakala, unaweza kuona kidole chako upande wa pili, na pini zilizozishika zimeliwa na kutu hadi kutu ikaacha picha ya pini kwenye kila ukurasa ulio chini yake, ikififia, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka ule wa nne au wa tano ambapo imebaki rangi ya chai tu.

Kisha nikafika kwenye orodha. Majina ya wenye ng'ombe, kijiji, idadi, na safu ya mwisho ikiwa ya sahihi. Walioandika majina yao walikuwa wawili. Wengine wote walipiga kidole gumba, wino wa zambarau. Nimeinamisha uso hadi pua ikakaribia karatasi. Kidole kimoja kina mstari mweupe umekikata kwa mshazari kutoka kona hadi kona, kovu, pengine la panga, pengine la kamba ya ng'ombe aliyemponyoka. Mistari ya ngozi inafika kwenye kovu, inasimama, inaendelea upande wa pili ikiwa imesogea kidogo. Nilisahau kunakili. Nilikaa tu. Huyu hakuwa na kalamu, hakuna aliyemuuliza maoni yake, na ripoti za mwaka zitamwita "wenyeji" kwa jumla. Lakini kovu lake limefika hadi mimi.

Mchana nilishuka kula mandazi na chai kioski cha jirani, halafu nikapita ukumbi wa chini, penye mkusanyiko wa Joseph Murumbi. Baba yake alikuwa Mgoa na mama yake Mmasai, akawa makamu wa rais wa pili wa Kenya mwaka 1966 kisha akajiuzulu mwaka ule ule. Alikusanya vitabu, vinyago, nguo, mapambo na stempu kutoka bara zima, akaiuzia serikali ya nchi yake miaka ya 1970 ingawa wanunuzi wa ng'ambo hawakukosekana. Angewaachia hao, leo ningehitaji viza kuviona. Kuna wanafunzi wa shule ya msingi walikuwa wamejipanga mbele ya kabati la vigoda, na mtoto mmoja aliuliza kwa nini kigoda cha mzee kina waya za shaba. Mwalimu akamjibu vizuri sana, kwamba mzee alipokufa watu walijua kigoda kilikuwa chake. Niliwafuata kimyakimya makabati matatu.

Jumatano

Nyaraka tena, toka kufunguliwa hadi saa tisa. Nimenakili orodha yote kwa penseli, safu kwa safu. Mkono umekufa ganzi.

Kuna jambo ambalo kila mwanafunzi wa historia ya Kenya hulifikia siku moja, nami leo limenifikia. Majalada niliyoyashika ni yale yaliyobaki. Waingereza walipokuwa wanaondoka, mengine walichoma na mengine wakayasafirisha kwao, yakafichwa Hanslope Park, kituo cha siri cha serikali yao. Yalikubaliwa kuwa yapo mwaka 2011 tu, kwa sababu wazee wa Mau Mau walikuwa wameishtaki serikali ya Uingereza huko London. Mwaka 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa watu 5,228 walioteswa, pauni milioni 19.9. Nilikuwa mtoto wakati huo. Nakumbuka picha ya wazee wa makoti kwenye televisheni na shangazi akisema wamechelewa sana kulipwa. Majalada hayo sasa yanasomwa kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London. Mkenya anayetaka kusoma kilichofanyiwa babu yake anapanda ndege. Hilo linaniuma, na sioni kwa nini lisiniume.

Nilipotoka sikurudi bwenini. Nilitembea hadi Kariokor. Ni mwendo wa nusu saa hivi kama husukumani na mikokoteni ya River Road. Jina lenyewe limetoka kwa Carrier Corps, wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, kama vile Kariakoo ya Dar es Salaam. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Waliorudi waliishi hapa. Na miaka ishirini baadaye Wakamba wakaja kukaa hapa hapa, wakisema hawaondoki hadi wamwone Gavana Brooke-Popham.

Sokoni leo ni viatu vya ngozi, vyondo, shanga, na moshi wa nyama choma. Nimemuuliza mama mmoja muuza vyondo kama amewahi kusikia habari ya watu waliolala hapa mwaka 1938. Alinitazama, akasikia lafudhi yangu, akaniuliza kwa Kikamba natoka upande gani. Nikamwambia Mua, kule Machakos. Akaacha kusuka.

"Babangu alikuwa akisema walikaa tu, hawakupigana na mtu. Wakapika, wakaimba. Mzungu hakujua afanye nini na watu waliokaa."

Nimeandika maneno hayo nikiwa nimesimama, daftari juu ya goti. Nimekaa kidogo kwenye kiroba chake. Saa kumi na mbili baridi ilipanda kutoka chini, ile ya udongo wenye maji, na nikafikiria watoto waliolala hapa bila paa. Kuna sababu serikali iliogopa kuwafyatulia risasi: Wakamba walikuwa wengi sana katika jeshi la kikoloni la KAR (King's African Rifles) na polisi. Muindi Mbingu walimkamata baadaye, wakampeleka Lamu uhamishoni. Lakini kuuza ng'ombe kwa lazima kulisimamishwa. Ukitaka kujua kama kukaa ni silaha, hilo ndilo jibu.

Alhamisi

Makumbusho ya Taifa, Museum Hill. Nimetembea kutoka chuoni, si mbali. Jengo lilifunguliwa mwaka 1930 likiitwa Coryndon, jina la gavana, na jina hilo likaondoka uhuru ulipoingia.

Uani umesimama mfano wa Ahmed, ndovu wa Marsabit ambaye Rais Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri yake, akafa kwa uzee mwaka 1974. Watoto humshika mguu wote kabla ya kuingia ndani. Mimi pia nimemshika.

Nilichokuja kukiona ni Kijana wa Turkana, mifupa ya binadamu wa kale. Amewekwa kwenye chumba cha giza kidogo, na unaponyamaza mbele yake unanyamaza kweli. Ana umri wa takriban miaka milioni 1.5, alikufa akiwa bado mtoto. Kila mwaka naletwa na kitu kingine, na leo nililetwa na aliyemwona kwanza. Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha mfupa wa paji la uso kule Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, mwaka 1984, kipande cheusi kati ya mawe meusi. Hakuwa na shahada yoyote. Alizaliwa Ukambani, na mwaka anaoandikiwa wa kuzaliwa ni 1938. Utotoni alichunga mbuzi wa baba yake. Aliendelea na kazi hiyo ya kuchimba na kutafuta miongo mingi, akatunukiwa medali Marekani mwaka 1985, akafariki mwaka 2022.

Nami nilichunga, likizo zote za shule ya msingi. Mchungaji anajifunza kuangalia chini bila kuangalia kitu kimoja. Macho yanatandaza, na kitu kisichokuwa mahali pake ndicho kinachokuja kwako: kinyesi cha jana, nyayo za mbuzi aliyepotea, nyoka. Ninaamini kabisa kwamba jicho lililoona mfupa ule lilifunzwa na mbuzi. Wale waliosema mwaka ule Mkamba na mifugo yake ni balaa kwa ardhi hawakujua mifugo hiyo inafunza nini.

Nimekaa mbele ya vibuyu hadi mlinzi akaniambia kwa upole, "Kijana, tunafunga."

Ijumaa

Makumbusho ya Reli. Mvua imenyesha nikiwa ndani ya behewa, na nikawa na sababu ya kutotoka. Ni behewa lile alilokuwamo afisa wa polisi Charles Ryall mwaka 1900 kule Kima akimvizia simba, usingizi ukamchukua, simba akaingia. Kila mgeni anaulizia simba. Mimi niliulizia ramani, kwa sababu reli ilipofika Nairobi Mei 1899, Machakos, iliyokuwa makao ya utawala wa bara, iliachwa kando, na ofisi zikahamia huku kwenye kinamasi. Ningekuwa na siku nyingine ningerudi kwa ramani hizo tu.

Nikirudi nilipitia Kenyatta Avenue, kwenye sanamu za askari wa vita vya kwanza. Mpagazi naye amo. Pale chini pameandikwa kwa Kiingereza, Kiswahili na herufi za Kiarabu, maneno ya kuahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa watoto wako watalikumbuka jina lako. Nimezunguka nguzo mara mbili. Hakuna jina hata moja.

Jumamosi

Nairobi Gallery asubuhi, ile ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa iliyojengwa mwaka 1913, ambapo watu walikuwa wakisajili vizazi, ndoa na vifo. Sehemu nyingine ya mkusanyiko wa Murumbi iko humo. Mchana nikapanda matatu hadi City Park, nikapita katikati ya tumbili mpaka kwenye kaburi lake. Aliomba azikwe karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyepigwa risasi Februari 1965. Nyumba ya Murumbi ya Muthaiga, aliyotamani iwe mahali pa wasomi wa Afrika, ilibomolewa. Nimesafisha majani yaliyokuwa juu ya jiwe kwa mkono. Sikuwa na maua.

Jumapili

Nimempigia nyanya simu baada ya ibada. Nyanya hahesabu miaka kwa namba. Anahesabu kwa njaa: *Ngomanisye*, ile kubwa ya mwisho wa karne ya kumi na tisa aliyosimuliwa na wakubwa wake, *Yua ya Ndeke* ya mwaka 1961, ndege zilipodondosha chakula, *Nikw'a Ngwete* ya miaka ya 1980, watu walipokufa njaa wakiwa na pesa mkononi. Msimamizi wangu alinifundisha kuheshimu kalenda hiyo sawa na ya karatasi. Ni njia aliyoitetea Profesa Bethwell Ogot enzi ambazo wengi walisema Mwafrika asiyeandika hana historia.

"Susu," nikamwambia, "nimepata majina ya wenye ng'ombe wa upande wetu."

"Soma."

Nikasoma polepole. Mengine aliyapita. Mengine alinisimamisha, akaniambia huyo ni wa ukoo wa Aombe, huyo ni wa Atangwa, huyo aliolewa kwake dada ya mama yangu. Nilikuwa naandika pembeni, simu nimeibana kwa bega. Nilipofika mwisho nikamwambia na idadi ya ng'ombe waliochukuliwa, kila boma.

Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika.

"Na ndama?"

"Ndama gani, susu?"

"Walichukua ng'ombe wakubwa, wale wa kupimwa kwa uzito. Ndama wakabaki zizini. Mama alikuwa akisema usiku ule hakuna aliyelala, ndama wanalia boma hadi boma, mlima mzima. Asubuhi wanawake wakawapa uji kwa kibuyu, wengine wakakataa, wakafa. Hao wamewahesabu?"

Nimefungua daftari langu. Jina, kijiji, idadi, kidole. Safu nne, nimezinakili kama zilivyo. Nimechukua rula na penseli nikapiga mstari wa tano upande wa kulia, juu nikaandika *ndama*, na chini, mkabala na mwenye kovu, nikaacha nafasi tupu. Kisha nikamuuliza nyanya boma la kwanza walibaki wangapi.